Kigoda cha Njia ya Mtoni

Mzee Andongwisye wa Ikinga hakuwahi kuwa jumbe, hakuwahi kuwa mzee wa kanisa, na ng'ombe wake walikuwa wachache kiasi kwamba aliwaita kwa majina ya shemeji zake. Wenzake waligawiwa mashamba, yeye akagawiwa mdomo. Hakulalamika. Shamba humchosha mtu, lakini mdomo wa Andongwisye haukuchoka tangu ulipoota meno hadi meno yenyewe yalipoanza kuaga.

Mali yake kubwa ilikuwa kigoda cha miguu mitatu alichokiweka kando ya kichaka cha mianzi, chini ya kilima, pale njia ya kuteremkia mtoni inapokutana na ile inayotoka Nyasaland kwenda Mbozi na Tunduma. Wazee hawana usingizi, na wa huyu ulikuwa haba zaidi. Kabla kuku hawajashuka, yeye ameshafika hapo na blanketi lake. Jioni mkewe, Sekela, ilimbidi asimame juu ya kilima na kumwita kwa sauti ileile anayoitia mbuzi, na mbuzi walikuwa wakitangulia kufika.

Hapakupita mtu pale bila kutoa habari. Ukitoka kanisani, useme nani alisinzia. Ukitoka kuzika, useme marehemu aliugua nini na kama alistahili. Ukishamaliza zako, ndipo zinapoanza zake, na zake zilikuwa na mlango wa kuingilia tu. Wakati wa vita vya Mjerumani Waingereza walimchukua awe tenga-tenga, yaani mpagazi, akatembea na jeshi milima na mabonde. Sekela, aliyemjua kabla hajawa shujaa, alisema kwamba mumewe alibeba beseni la bati ambamo ofisa mmoja alikuwa akiogea. Inawezekana. Lakini kila masika beseni lile lilibadilika kidogo, hadi ukafika wakati likawa mzinga, na wapita njia wakawa wanaulizwa kama wamewahi kuona bega la mtu aliyebeba mzinga.

Mwanawe mmoja tu aliyebaki hai, Osward, alikuwa amekwenda kuchimba shaba Kitwe, huko Rodeshia. Mwanzoni alituma mablanketi kwa watu waliorudi. Kisha akatuma salamu tupu. Kisha hata salamu zikakauka. Nyumbani alimwacha mkewe, Ikupa, na watoto, na kitinda mimba wao akiwa Timotheo, aliyekuwa na umri wa kukimbia lakini alikuwa bado anakaa.

Sasa lazima niseme jambo la ukwe, maana bila hilo mgeni atadhani watu hawa walikuwa na wazimu. Katika milima ile mke wa mtu na baba mkwe wake hawaonani. Hatamtazama usoni, hatataja jina lake, hatapita alipokaa. Wakikaribia kukutana njiani, mwanamke ndiye anayeingia porini, hata kama pori lenyewe ni upupu. Tangu Ikupa alipoolewa, Andongwisye alikuwa ameona kisigino chake, mgongo wake ukipotea kwenye mahindi, na siku moja kipande cha kitenge kilichonaswa na mwiba. Alikihesabu kile kipande kuwa ni sifa ya ukoo mzima. Wakwe wa wenzake walikuwa wakijificha kivivu, hadi unaona na sikio.

Mwaka ule watoto wa shule walipogawiwa vikombe vya kutawazwa kwa Malkia mpya wa Uingereza, Timotheo alipelekwa kliniki ya misheni akiwa na tumbo kubwa na miguu kama njiti. Sista wa pale alimpima mara moja, akampima tena asiamini, kisha akamtuma Enesi. Huyu Enesi alikuwa mama wa Kinamwanga kutoka upande wa Tunduma, mnene, mpole, mwenye viatu vya kiume. Kazi yake ilikuwa kutembelea nyumba zenye watoto waliodhoofika na kuamua zinahitaji nini: maziwa ya unga, mbegu, blanketi, au maneno makali. Wengine walipima mtoto. Enesi alipima nyumba. Alitazama jiko kabla ya kutazama mbavu. Aliuliza nani anakula na nani, nani analala wapi, nani hasemeshani na nani. Watu walimwogopa kuliko karani wa kodi, kwa sababu karani haulizi umeamkaje.

Kufika kwa Ikupa ilibidi apite penye kigoda. Andongwisye alimpokea kwa mikono miwili.

"Mwenye kaya ni mimi," alisema. "Mwanangu yuko Rodeshia. Swali lolote ulilo nalo, jibu lake liko hapa." Akakibeba kigoda kichwani na kuongoza njia.

Walipokaribia ua wa Ikupa, mzee alikohoa. Baba mkwe mwenye heshima hukohoa, tena hukohoa mapema. Nyuma ya nyumba kitu kilichakarika kwenye migomba. Walipoingia, chungu kilikuwa motoni, ufagio umeanguka katikati ya ua, na Timotheo amekaa kwenye mkeka peke yake akiwatazama nzi kama anawachagua.

"Mama yake yuko wapi, mukwai?" aliuliza Enesi kwa neno la heshima la kwao.

"Hayupo," alisema Andongwisye kwa fahari. "Wala hutamwona. Yule ni mwanamke aliyelelewa."

Enesi alimtazama kwa muda. Mzee akadhani anastaajabia malezi. Akaweka kigoda chini na kujibu maswali yote bila kuachia hata moja. Mtoto anakula nini? Kila kitu. Anakula saa ngapi? Akisikia njaa. Nani anamlisha? Watu. Kisha akaona heri mgeni asiondoke mikono mitupu, akamsimulia habari za mzinga.

Enesi alirudi siku nyingine bila kutoa taarifa. Lakini pale kwenye mianzi hakuna aliyepita bila taarifa. Kigoda kikapanda kichwani, kikohozi kikatangulia, migomba ikachakarika, na safari hii ugali uliungua. Kwao Unamwanga, mkwe naye humheshimu baba mkwe, ila hupiga magoti pembeni na kutazama chini. Haruki ua akaacha mtoto na moto. Kwa hiyo Enesi aliona alichokiona: mtoto mgonjwa, mama asiyekaa nyumbani, na babu anayemsifu mama huyo kwa kutokuwepo.

"Babu, nitasema wazi," alisema. "Mtoto huyu anakwisha. Mara ya pili sasa namkosa mama. Sista amesema kama hakuna wa kumtunza, Timotheo atakwenda kwenye nyumba ya watoto ya misheni hadi baba yake arudi."

Nyumba ile ilikuwa mbali, ng'ambo ya milima. Andongwisye aliwajua watoto waliopelekwa huko. Walirudi wakubwa, wanajua kuimba kwa sauti nne na hawajui jina la babu yao. Alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani mdomo ukatoa upepo tu. Osward akirudi atamkuta nani mlangoni? Alimtazama Timotheo, na mtoto akamtazama yeye, akaona si wa maana kuliko nzi, akarudia nzi wake. Mzee alishikwa na uchungu wa kweli, uchungu usio na hadithi ndani yake.

Sekela ndiye aliyeokoa jahazi. Alitoka shambani na jembe begani, akasimama kati yao.

"Mama yupo," alisema. "Yuko pale migombani, ameinama tangu mlipofika, siafu wanamtafuna. Anamkimbia huyu."

Enesi aligeuka kumtazama Andongwisye. Andongwisye naye aligeuka nyuma yake kutazama anakimbiwa nani.

"Mara zote mbili?" Enesi aliuliza.

"Mara zote tangu aolewe," alisema Sekela. "Huyu akikohoa hata usingizini kwetu kule, mwenzake anaamka huku."

"Ndiyo heshima," alisema mzee kwa sauti ndogo.

Enesi alikaa kwenye kinu kilicholala, akavua kiatu kimoja, akatoa kijiwe, akavaa kiatu tena. Alikuwa mtu wa kufikiri kwa miguu. "Mbuzi wenye maziwa ni wa nani?" aliuliza.

"Wangu," alisema Andongwisye.

"Shamba analolima Ikupa?"

"Langu."

"Baba yake Timotheo akiwa mbali, neno la mwisho juu ya mtoto ni la nani?"

"Langu."

"Basi kesho nawataka wote, kwa wakati mmoja. Nikimsikia mama peke yake, wewe utayavunja tutakayokubaliana. Nikikusikia wewe peke yako, nitarudi Tunduma nimejua kupiga mzinga."

Mzee akaeleza kwamba haiwezekani, afadhali walitake Ziwa Nyasa lipande mlima. Enesi akaeleza kwamba kama haiwezekani, basi atarudi na machela ya kumbebea Timotheo. Sekela akatema mate pembeni, akasema kihenge cha hapa uani kina nafasi ya mtu wa kusikia bila kuonwa.

Ndivyo ilivyokuwa kwamba asubuhi iliyofuata mkuu wa kaya, aliyebeba mzinga milima na mabonde, alipandishwa ngazi na mkewe, akaingizwa ndani ya kihenge cha mahindi, na kufunikwa kwa paa lake la nyasi. Kihenge chenyewe kilikuwa cha fito zilizosukwa na kukandikwa kinyesi cha ng'ombe. Ndani kulikuwa na magunzi, vumbi, wadudu, na panya mmoja aliyeona ameonewa. Ikupa alikaa ndani ya jiko na Timotheo mapajani, mlango ukiwa nusu. Enesi akaketi uani katikati. Sekela akasimama mlangoni mwa jiko awe mpeleka maneno, maana haikufaa sauti ya mkwe iende moja kwa moja hadi kihengeni.

"Mkuu wa kaya yupo?" aliuliza Enesi.

"Yupo," kilijibu kihenge, na kikapiga chafya.

Enesi alianza na Ikupa. Alimuuliza ana shida gani. Kimya. Sekela akasema, "Anasema hana shida." Enesi alikuwa amezoea. Nyumba zote alizowahi kuingia hazikuwa na shida. Watoto ndio waliokonda kwa hiari yao. Akaacha swali hilo, akauliza lile alilouliza kila nyumba: siku yako inakwendaje, tangu unapoamka?

Sauti ya chini ikatoka jikoni, kwa Kindali, lugha ya milima ile. Andongwisye akaacha kujikuna. Hakuwahi kuisikia sauti ile. Alikuwa ameiwazia nyembamba, sauti ya mtu wa visigino. Kumbe ilikuwa nzito, na ilikuwa imechoka.

"Anasema anaamka, anawasha moto, anakwenda mtoni," alisema Sekela kwa sauti ya kusikika hadi Nyasaland. "Akirudi, jua limesimama utosini. Ndipo anapika. Watoto wanakula mchana. Kisha anakwenda shamba lililobaki. Jioni akipata maji yaliyobaki anawapa uji. Yasipobaki, wanalala."

Enesi alitazama chini ya kilima. Mto ulikuwa unasikika kutoka pale walipokaa. "Mto si ndio huo? Mtu anakwenda na kurudi kabla chungu hakijapoa."

Sauti ya chini ikaongea tena jikoni.

"Anapitia nyuma ya mlima," alisema Sekela. "Anazunguka kwenye mawe, anavuka kijito cha juu, anateremka upande wa pili. Na ndoo kichwani, na Timotheo mgongoni."

"Kwa nini, mukwai?"

Sauti ya chini ilisema maneno machache tu. Sekela hakuyarudia upesi. Alikuwa ameyangoja miaka mingi, na kitu ulichokingoja miaka mingi hukimezi, unakitafuna.

"Anasema kuna mtu amekaa njiani."

Kihenge kililia kwenye nguzo zake.

"Mtu gani?" aliuliza Enesi, ingawa sasa alikuwa hatazami tena jikoni.

"Hawezi kumtaja," alisema Sekela. "Lakini mimi naweza. Ana kigoda. Anafika alfajiri, anaondoka giza likiingia. Mimi nimemwambia toka hapo njiani, akasema namwonea wivu wa wageni. Mbuzi wenye maziwa nao huwafunga hapohapo kwenye mianzi, awaone akiongea. Mkwe atawakamuaje? Atume mkono?"

"Nyie mna maziwa ya unga," kilisema kihenge kwa unyonge. "Si ndiyo yaliyokuleta?"

"Maziwa ya unga hukorogwa kwa maji, babu," alisema Enesi.

Mle ndani Andongwisye alikaa gizani na magunzi yakimchoma matakoni, akaipitia njia ile ya nyuma ya mlima kwa mawazo. Aliijua. Ujanani aliikwepa hata akiwa mikono mitupu. Nyani haoni kundule, na huyu alikuwa amekalia lake kwenye kigoda mbele ya nchi nzima, akiwahubiria wapita njia kuhusu mkwe mwenye adabu. Kila adabu ile ilipozidi, mjukuu alipungua. Sifa zote alizojivunia zilikuwa zimetoka kwenye mbavu za Timotheo.

Na bado, Mungu amsamehe, jambo la kwanza alilotaka ni kukataa. Kuna kitu hakuwahi kumwambia hata Sekela. Habari za wapita njia alizipenda, ndiyo, na tumbaku yao pia. Lakini njia ile ndiyo aliyoondokea Osward. Mtu anayetoka Kitwe hushukia Tunduma, na anayetoka Tunduma kuja Ikinga hutokea kwenye ile kona ya mianzi. Mzee alikaa pale awe wa kwanza kumwona. Kila kofia iliyochomoza kwenye kona ilimsimamisha moyo, na kila ilipokuwa ya mtu mwingine aliufunika moyo kwa maneno. Ndiyo maana maneno yalikuwa mengi.

"Babu," aliita Enesi, "neno la mwisho ni lako. Nimwandalie machela, au?"

Sekela akakigonga kihenge kwa mpini wa jembe kuona kama mumewe yu hai.

"Mwambie," kilisema mwishowe, "njia ni yake. Mbuzi wafungwe kwake."

"Na wewe?" aliuliza Sekela, na hapo sauti yake haikuwa ya kusikika hadi Nyasaland.

"Nitakaa nyuma ya kile kichuguu, juu ya migomba yako."

"Kule hapapiti mtu."

"Najua hapapiti mtu. Niteremsheni, panya huyu amezoea."

Enesi hakutoa maziwa ya unga. Aliacha mbegu za maharage, akamwonyesha Ikupa jinsi ya kuyasaga kwenye uji wa mtoto, na akasema atarudi baada ya baridi kupima tena; kama hali ni ileile, machela yapo palepale. Ikupa alimsindikiza kwa njia fupi, ile ya mianzi. Watu waliomwona wanasema alitembea katikati ya njia polepole, akigusa majani ya pande zote mbili kama mtu aliyenunua kiwanja.

Andongwisye akahamia kwenye kichuguu chake. Nikisema alihama kwa furaha nitakuwa nimeongeza beseni langu mwenyewe. Wiki za kwanza alikaa kama mfiwa. Aliwasimulia vita mbuzi wa jirani, nao walisikiliza vizuri mpaka walipokula blanketi lake. Baadhi ya wapita njia walimuulizia pale kwenye mianzi, kisha wakaacha. Hakuna aliyepanda kumtafuta. Kilima ni kikali, na mzinga wote walikuwa wameshausikia. Kutoka kule juu kona ya mianzi haionekani. Kinachoonekana ni migomba, kipande cha mbingu, na paa la jiko la Ikupa.

Basi akawa analitazama paa. Alijifunza kulisoma. Zamani moshi wa kupikia ulitoka jua likiwa utosini. Sasa ulitoka umande ukiwa bado majanini. Halafu ukaja moshi wa pili, wa jioni, na haukukosa. Siku zikaenda, akawa anajua hata siku ya maharage kwa jinsi moshi unavyokaa muda mrefu. Alitaka kumuuliza Sekela, lakini Sekela alikuwa ameanza kumhurumia, na hiyo ilimtia aibu.

Baridi ilipokwisha alimwona Enesi kwa mbali, mdogo, na viatu vyake vya kiume, akiingia uani kwa Ikupa. Mzee alishika kikohozi kooni, akakimeza, kikamtoa machozi. Hakusogea. Baadaye pale chini mtoto alitoka jikoni. Kwanza alisimama. Kisha akakimbia kumfukuza kuku, akaanguka, akainuka mwenyewe na kumfukuza tena, na kilio alichotoa kuku alipokamatwa kilifika hadi kichuguuni.

Andongwisye alisimama, akatazama huku na huku. Ilikuwa habari kubwa kuliko zote alizowahi kuwa nazo, wala haikuhitaji kuongezwa kitu, na hapakuwa na mtu anayepita.